Andiko Lisilo na Jina

Je, ni haki mwanafunzi aandike jambo la kweli kuhusu mwalimu wake halafu afiche jina lake? Swali hili nimelibeba tangu muhula uliopita. Kwa kuwa mimi mwenyewe ni mhusika, nitaanza na kisa kabla ya hoja, ili msomaji ajue nazungumza nikiwa nimesimama upande gani.

Idara yetu ya Kiswahili, katika chuo kimoja hapa Uganda, ina gazeti la ukutani. Ni ubao mpana uliofunikwa kitambaa cha kijani, nao uko kwenye ujia wa kutoka ofisi ya mkuu wa idara kwenda kwenye ngazi. Kanuni yake ilikuwa moja tu: yeyote wa idara, awe profesa, karani au mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, anaweza kubandika andiko lake kwa Kiswahili, mradi lisizidi kurasa mbili. Kuhusu jina hapakuwa na kanuni. Walimu walibandika mapitio ya vitabu, karani wetu alibandika mashairi ya kuwaaga waliostaafu, nasi tukabandika hadithi fupi na malalamiko kuhusu maji ya bwenini. Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilibandika habari ya safari yangu ya kwanza kwenda Kampala, ikiwa imejaa makosa ya ngeli. Siku ya pili nikaikuta ubavuni mwa makala ya mtu ambaye kitabu chake tulikuwa tukikisoma darasani. Mwenyewe alipita, akasimama, akaisoma yote, akatoa kalamu mfukoni na kusahihisha neno moja, kisha akaenda zake. Sijapata tena heshima kama ile.

Inanipasa pia nieleze Kiswahili ni nini kwetu, maana bila hilo kisa hakieleweki. Mimi natoka Kabale, na lugha ya nyumbani ni Rukiga. Kwa wazee wetu wengi Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na kambi, ukikisikia usiku unafunga mlango. Sisi vijana tumekipata kwa chaki. Katika darasa letu la watu 34 kulikuwa na mmoja tu aliyezaliwa ndani yake, kijana wa kutoka Mombasa, ambaye hapa nitamwita Mpwani. Alipozungumza, wengine tulinyamaza ili tusikie. Nilikuwa na daftari la kuandika misemo yake. Mtu akisimama mbele ya darasa na kuelekea kukosea upatanisho wa kisarufi, Mpwani alikuwa akimwambia polepole, "Halahala mti na macho," yaani angalia usijichome, na darasa zima likacheka, mwalimu naye akacheka. Mara nyingi mwalimu wetu wa fasihi simulizi alisimamisha somo akamuuliza, "Na nyinyi huko pwani mwasemaje?"

Mwalimu huyohuyo, muhula uliopita, alianza kutoonekana. Kufikia wiki ya 9 tulikuwa tumemwona mara 4. Tulikuwa tumekabidhi kazi mbili na hatukurudishiwa hata moja. Kiranja wa darasa alikwenda ofisini akakuta kufuli, alipompigia simu akajibiwa, "Nakuja, wanangu." Baadhi yetu karo zetu zimetokana na ng'ombe waliouzwa. Nilikasirika, na usiku mmoja nikaandika nusu ukurasa niliouita "Kiti Kitupu". Nilisema mwalimu wetu ametugeuza sisi wenyewe kuwa fasihi simulizi, kwa maana kila mmoja anamsimulia mwenzake siku aliyobahatika kumwona. Nilitaja idadi ya vipindi na idadi ya kazi. Hakukuwa na uongo hata mmoja. Mwishoni nikamalizia: Halahala mti na macho. Sikutia jina. Nilikwenda kuchapisha karatasi kwenye duka lililo mbali na chuo, nikaibandika alfajiri kabla mfagiaji hajafika.

Kufikia saa sita mchana watu walikuwa wamekwisha kuipiga picha na kuisambaza katika makundi ya WhatsApp ya vitivo vingine, hata kwa watu wasiojua Kiswahili, ambao waliomba tafsiri. Nakiri kwamba siku ile nilijisikia shujaa. Nilipita kwenye ujia ule mara tano bila haja yoyote.

Baada ya siku mbili mwalimu alijibu ubaoni. Alijaza kurasa mbili kamili, jina lake na shahada zake zikiwa chini. Alieleza kwamba anafundisha pia katika chuo kingine upande wa pili wa jiji, kwa sababu mshahara mmoja hautoshi, na kwamba ratiba za vyuo hivyo viwili zimegongana. Aliomba radhi kwa kazi zetu na kuahidi kuzirudisha, na kweli alizirudisha wiki iliyofuata. Hadi hapo lilikuwa jibu la mtu mzima. Lakini aya ya mwisho ilisema: nawe uliyekuja hapa kutufunza methali za pwani, mlango wangu ungeweza kuubisha.

Methali yenyewe iko vitabuni, haina mwenyewe. Ila katika darasa la watu 34 ilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa mmoja. Naapa sikuwa nimeliona hilo. Niliitia kwa sababu niliipenda, na kwa sababu mtu anayejifunza lugha ya watu hutaka siku moja aivae kama vazi lake. Nilipoisoma aya ile nilihisi tumbo limeshuka.

Mpwani hakuadhibiwa. Lazima niwe mkweli hapo. Sina ushahidi kwamba alipunguziwa hata alama moja. Kilichotokea ni kidogo kuliko adhabu, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyekilalamikia. Mwalimu hakuuliza tena pwani wanasemaje. Naye Mpwani akaacha kutuonya tulipokuwa tunaelekea kukosea. Akawa anakaa safu ya nyuma, ananukuu, anaondoka. Kipindi cha fasihi simulizi kikabaki bila sauti ya mtu hata mmoja aliyeipata fasihi hiyo kwa bibi yake.

Wenzangu wanaotetea maandiko yasiyo na jina wana hoja nzito, na kwa muda mrefu zilikuwa hoja zangu. Wanasema mwalimu na mwanafunzi wakiandika kwenye ubao mmoja, ubao ni mmoja lakini hatari si moja. Mwalimu akitia jina lake hapotezi kitu. Kwake jina ni cheo. Mwanafunzi akitia lake, ameliweka mikononi mwa mtu atakayesahihisha mtihani wake, atakayeandika barua ya kumwombea ufadhili, atakayeulizwa na mwajiri kama kijana huyu ana adabu. Kwa hiyo kumwambia mwanafunzi "tia jina kama wewe ni jasiri" ni sawa na kumwambia mtu asiyejua kuogelea kwamba maji ni yaleyale. Zaidi ya hapo, wanasema, ukweli hauhitaji mwenyewe. Vipindi 4 katika wiki 9 ni vipindi 4, awe ameandika nani.

Hoja ya kwanza naikubali hadi leo. Ya pili ndiyo iliyonishinda.

Katika fasihi yetu wenyewe jina la mwandishi lina historia yake. Watunzi wengi wa kale walijitaja katika beti za mwisho, wengine wakataja na mji, ili mwenye la kujibu ajue pa kulipeleka. Katika kurasa za mashairi za magazeti desturi hiyo iliendelea kwa lakabu: Andanenga alijiita Sauti ya Kiza, na hapakuwa na msomaji wa mashairi aliyeshindwa kujua ni nani. Nilipokuwa najitetea moyoni nilijaribu kusema kwamba hata washairi walijificha nyuma ya lakabu. Hapana. Lakabu ni mlango uliopakwa rangi nyingine, ukibisha mtu anatoka. Mimi sikuwa na lakabu. Mimi sikuwa na mlango.

Kisha nikajaribu kujificha nyuma ya Abdilatif Abdalla, ambaye kila mwanafunzi wa Kiswahili hufika kwake mapema au kwa kuchelewa. Mwaka 1968, akiwa na miaka 22, umri wetu sisi, aliandika waraka wa "Kenya: Twendapi?" ambao ulisambazwa kwa siri. Serikali ilimpata, akafungwa miaka mitatu, na kutoka gerezani zikatoka tungo za Sauti ya Dhiki zilizochapishwa mwaka 1973. Nani atathubutu kusema alikosea kuficha jina lake? Aliyekuwa akimwandikia alikuwa na polisi, mahakama na gereza. Lakini nikilinganisha nafsi yangu naye, kuna mambo mawili yanayoniaibisha. La kwanza ni wazi: kalamu nyekundu si gereza, hata kama inatisha. La pili lilinichukua muda kuliona. Waraka wake ulikwenda kwa nchi yenye mamilioni ya watu. Andiko langu lilikwenda kwenye ujia ambao watu wake wote wanaweza kukaa katika mabasi mawili.

Hapo ndipo ninapofikia ninachotaka kusema. Tunapolibandika andiko bila jina, tunadhani mahali pa jina pamebaki patupu. Katika jamii ndogo hapabaki patupu hata saa moja. Watu wanapajaza. Wanaangalia mwandiko, msamiati, nani alikasirika juzi, nani anatoka wapi. Idara ya lugha ni mbaya zaidi, kwa kuwa hapo kila mtu amefunzwa kumtambua msemaji kwa maneno yake. Kwa hiyo katika chuo kidogo hakuna andiko lisilo na jina. Kuna andiko lenye jina la mwandishi na andiko lenye jina la mtu mwingine. Nilidhani nimejificha mahali pasipo na mtu, kumbe nilikuwa nimejificha ndani ya mwenzangu.

Mfano ninaoupenda wa walimu na wanafunzi kuandika pamoja ni wa jirani zetu Dar es Salaam. Novemba 1969, wakati chuo kile kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, wanafunzi wenye mwelekeo wa kimapinduzi walianzisha jarida la Cheche. Jina ni la Kiswahili, matini karibu yote ni ya Kiingereza, jambo ambalo sisi wa idara hii hatuwezi kulipita bila kuguna. Humo Walter Rodney, mhadhiri wa historia, aliandika katika kurasa zilezile walimoandika wanafunzi. Mwaka 1970 toleo zima lilitolewa kwa insha ndefu ya Issa Shivji, kijana wa sheria, kuhusu mapambano ya kimya ya kitabaka nchini Tanzania. Majina yalikuwa pale. Walibishana na serikali iliyokuwa inawasomesha, tena serikali ambayo wengi wao waliipenda. Novemba 1970 jarida likapigwa marufuku pamoja na chama cha wanafunzi kilichokuwa nyuma yake. Sababu mojawapo ilikuwa jina lenyewe: lilifanana na Iskra, gazeti la Lenin, ambalo maana yake pia ni cheche, na ikaonekana Tanzania haihitaji kuazima itikadi za wengine. Kumbe neno la kuazima linaweza kumponza mtu hata akiwa ametia jina lake.

Mwaka uliofuata, palepale Dar es Salaam, rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, alimwandikia mkuu wa chuo barua ya wazi yenye jina lake. Polisi walimtoa chuoni. Sitaki msomaji afikiri ninasema kwamba jina humlinda mwenyewe. Halimlindi. Linawalinda wengine wote wasiokuwa yeye. Siku Akivaga alipochukuliwa, hakuna aliyechukuliwa kwa kudhaniwa ni Akivaga.

Mmoja wa viongozi wa chama kile cha Cheche alikuwa mwanafunzi kutoka kwetu, Yoweri Museveni. Karibu nusu karne baadaye, mwaka 2017, mtafiti wa Makerere, Stella Nyanzi, alishtakiwa kwa maneno aliyoyaandika kwenye ukurasa wake wa Facebook kumhusu Rais Museveni. Na mwaka 2019 akahukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa shairi, hukumu ambayo Mahakama Kuu iliifuta Februari 2020. Siingii katika siasa zaidi ya hapo. Baadhi ya maneno ya Nyanzi nisingeweza kuyasoma kwa sauti mbele ya mama yangu, na kama mwanafunzi wa fasihi nina maoni yangu kuhusu matusi kama mbinu ya kisanaa. Lakini hata wanaomchukia hawakuhangaika kuuliza nani kaandika. Nalo linanionyesha kitu ambacho wenzangu hukisahau wanaposema jina halimgharimu mwalimu. Juu ya kila mwalimu kuna mtu mwingine mwenye kalamu nyekundu yake. Mwalimu wetu alipobandika ukutani kwamba anafundisha vyuo viwili, jina lake chini, alikuwa amejitia mashakani kwa mwajiri wake. Mimi nilisoma kurasa zile mbili nikaiona aya ya mwisho tu.

Simtetei kwa lile la mwisho. Aliyeshika alama za watu hana ruhusa ya kukisia hadharani. Kama ni haki kumwambia mwanafunzi asiandike bila jina, ni haki zaidi kumwambia mwalimu asimjibu asiyemjua kana kwamba anamjua. Angejibu hoja akaliacha jina, mimi ningebaki na aibu yangu peke yangu. Yeye ndiye aliyekuwa na nguvu, kwa hiyo uangalifu ulianzia kwake. Lakini uliishia kwangu, kwa kuwa mimi tu ndiye niliyejua.

Nilikaa kimya wiki tatu. Kisha jioni moja nikamkuta Mpwani nje ya lango, kwa yule kijana anayekaanga chapati na mayai, ile tunayoiita rolex. Nikamwambia. Alimaliza kutafuna. Nilitegemea atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa. Akauliza, "Kwani kwenu hakuna methali?"

Sikuwa na jibu. Ziko methali za Rukiga kuhusu mchungaji anayeacha ng'ombe wake. Bibi yangu ana moja kwa kila kosa. Ningeitafsiri moja, darasa zima lingejua ni mimi, na pengine ndiyo maana haikunijia akilini.

Nikamwambia nitakwenda kwa mwalimu nikaseme. Akakataa. Alisema, "Ukenda sasa ataona nimekutuma. Tena atasema nimekulipa." Alikuwa na haki. Ungamo lililochelewa lina ubaya huo, huwa linafanana na mpango. Nikawa katika hali ambayo ukimya wangu unamuumiza na kusema kwangu kunaweza kumuumiza zaidi, na aliyeniweka hapo ni mimi.

Katika kikao cha chama chetu nilipendekeza utaratibu ambao magazeti yamekuwa nao siku zote kwa barua za wasomaji: andika jina lako kamili na anwani hata kama hutaki vichapishwe. Ubao uwe na mhariri mmoja mwanafunzi na mmoja mwalimu wa kitivo kingine. Mwenye hofu awape jina lake, nao walihifadhi, na chini ya andiko waandike kwamba mwandishi anajulikana. Hapo mahali pa jina pana mtu, ila amefunikwa. Likizuka la kumdhania asiyehusika, mhariri anaweza kusema bila kumtaja yeyote: si huyo. Wengine walisema mhariri naye ana mdomo. Ni kweli. Bado tunabishana, na ubao kwa sasa umewekewa kioo na ufunguo, nao ufunguo uko kwa karani.

Nilipoombwa insha ya mkusanyiko huu nilimpa Mpwani rasimu kwanza. Alifuta sentensi mbili zilizomhusu, akasahihisha upatanisho mahali pawili, akasema sasa nenda nayo, kwa kuwa ikisomwa na watu wote haitaonekana ametumwa mtu. Mwalimu yule ndiye aliyepangiwa kusimamia tasnifu yangu ya mwaka wa tatu. Juzi nilichukua nakala, nikaitia katika bahasha, nikaandika jina langu na namba yangu ya usajili juu yake, nikaenda ofisini kwake. Nilikuta kufuli. Nimeipitisha chini ya mlango.